Udini ni nini, na dini ya mgombea ina uzito gani kwa mpiga kura?

Kiswahili kinawatofautisha watu wawili ambao kwa haraka mtu anaweza kudhani ni mmoja. Kuitwa "mtu wa dini" ni sifa njema, kwa kuwa huyo ni mtu anayesali kwa wakati wake, anayefunga, na ambaye jirani humwachia amana bila wasiwasi. Kuitwa "mdini" ni lawama. Neno udini limeundwa kwa kiambishi kilekile kilichotupa undugu na utu, lakini kwa maana limeandamana na ukabila: halimaanishi kuwa na dini, bali kuifanya dini kuwa kipimo cha nani apewe na nani anyimwe. Kwa hiyo mcha Mungu anaweza kumaliza umri wake wote bila kuwa mdini hata siku moja, na mwingine asiyekanyaga msikitini wala kanisani akawa mdini wa kupindukia pindi uchaguzi unapokaribia.

Sheria za Tanzania zimeizingatia tofauti hiyo. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaja nchi kuwa isiyokuwa na dini, na ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama kinachokusudia kupigania maslahi ya imani au kundi la dini. Ibara ya 39 inapotaja sifa za anayetaka urais, inataka awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, awe amependekezwa na chama chake, na mengine ya aina hiyo, dini haimo. Hata hivyo dini yenyewe haifichwi. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapa kuwa rais akiwa ameshika Qur'ani, kama ambavyo John Magufuli aliapa kwa Biblia tarehe 5 Novemba 2015, wala sioni mgongano wowote hapo, kwa sababu kitabu kile kinamfunga anayeapa peke yake, mbele ya Mungu anayemwogopa yeye, kuilinda Katiba ambayo ni ya watu wote.

Ugumu uko kwenye hesabu ambayo haikuandikwa popote. Ukiwapanga marais wa Tanzania kwa mfuatano wao, Nyerere alikuwa Mkatoliki, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki, na Samia ni Mwislamu. Hakuna ibara inayoagiza mpangilio huo, na mara ya mwisho ulitokana na kifo cha rais aliyekuwa madarakani, si na uteuzi wa chama. Lakini watu wameshauita "zamu", na neno hilo lina madhara yake. Nakubali kwamba kupokezana kumetuliza nyoyo nyingi, kwa kuwa hakuna upande uliojiona umefungiwa mlango. Hata hivyo anayezoea kuhesabu zamu huanza kumwona rais wa dini nyingine kama mpangaji wa muda katika nyumba yake, na huanza kumsamehe wa kwake makosa ambayo kwa mwingine asingeyavumilia. Nyerere alilikemea jambo hili waziwazi katika hotuba zake za mwaka 1995, wakati chama chake kilipokuwa kinatafuta mgombea, akaifananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu, ambayo aliyeionja haachi.

Kwa kawaida udini hauanzii jukwaani. Huanza kwa sauti ya chini, jina la mgombea linapotajwa na mtu akauliza, "Huyu ni mwenzetu?" Swali hilo fupi halina neno baya hata moja ndani yake, na ndiyo maana hupita bila kupingwa, ingawa anayejibiwa "ndiyo" hujiona ameshajua yote anayohitaji kujua na haulizi tena kuhusu maji, zahanati wala bei ya mbolea. Hata jibu lenyewe halina uhakika katika nchi ambayo mtu huitwa Yohana Ramadhani na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa baba na mtoto wanaweza kuwa na dini tofauti na bado wakala sahani moja. Wala anayetamba kwamba upande wake ndio wenye watu wengi hana sensa ya karibuni ya kumthibitishia, maana swali la dini halijaulizwa katika sensa za Tanzania tangu ile ya mwaka 1967.

Pamoja na hayo, si haki kumbandika jina la mdini kila anayetaja dini katika siasa. Waislamu wengi wanapolalamikia uchache wao katika nafasi za juu, chini ya lalamiko hilo kuna historia ya kweli ya shule za misheni, ambazo enzi za ukoloni ziliwafungulia Wakristo mlango wa elimu mapema zaidi. Lalamiko hilo linastahili jibu la sera, na kumchagua mtu kwa jina lake tu si jibu, kwa sababu jina halijengi darasa.

Kwa maoni yangu, dini ya mgombea humhusu mpiga kura pale tu inapokusudiwa kugeuzwa kuwa sheria, bajeti au upendeleo wa ajira. Mfano ni Mahakama ya Kadhi, yaani ya kuamua mambo ya Waislamu kama ndoa, talaka na mirathi, ambayo ilani ya chama tawala, CCM, ya mwaka 2005 iliahidi kuitafutia ufumbuzi, na ambayo imejadiliwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Mpiga kura anayetaka kujua kama mgombea ataiunga mkono, itagharamiwa na nani, na mwanamke asiyeridhika na hukumu yake atakwenda wapi, hafanyi udini hata kidogo, na maswali hayohayo anaweza kumuuliza mgombea Mkristo kwa uzito uleule anaomuulizia mgombea Mwislamu.