Mgongo ukikaza, usijifungie kitandani
Bado watu wenye maumivu ya kiuno huambiwa walale chali wiki nzima. Ushauri huo unawachelewesha kupona. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, watafiti wa Helsinki, Finland, waliwagawa kwa kura wagonjwa 186 wa maumivu ya ghafla: kulala siku 2, mazoezi ya mgongo, au shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kundi la mwisho lilipona upesi zaidi. Waliolala walichelewa kuliko wote.

Misuli isiyotumika hudhoofika, viungo hukakamaa. Kuamka: geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Tembea dakika chache, pumzika, rudia.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au miguu ikalegea, wahi hospitali siku hiyohiyo.