Hiyo anemoni yako nyeupe ina njaa, bwana

Juzi saa nne usiku simu inalia, WhatsApp, picha. Mteja wangu wa Nyali. "Fundi cheki, nimepata anemoni ile nyeupe yenye ncha za zambarau, si kama hiyo yako ya rangi ya matope." Nikaitazama picha, nikaweka simu chini, nikamaliza chai yangu kwanza maana ningemjibu pale pale tungekosana. Huyu ni wa tano mwaka huu.

Jamani, anemoni ni mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, tunamfuga tangini, na ile ni aina ya Heteractis crispa, wauzaji wanaiita sebae (wanasayansi siku hizi wanaiandika Radianthus, tukishazoea watabadilisha tena), na ikiwa na afya rangi yake ni hiyo hiyo ya matope mnayoicheka. Ule ukahawia unatokana na vijimwani vinavyoishi ndani ya mwili wake, vinapata mwanga, vinapika sukari, na yeye anakula kwa jasho lao. Ikipigwa na joto, au ikifungiwa gizani kwenye mfuko wa kusafirishia siku mbili tatu, inavitema. Zambarau ya ncha inabaki kwa sababu hiyo ni rangi yake mwenyewe, basi mtu anaona urembo. Ni sawa na kumkuta mtu amekonda hadi mbavu zinahesabika ukamsifia figa. Mwaka 1998 El Niño ilipopasha bahari moto, matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe vivyo hivyo, na sikusikia mvuvi akisema yamependeza.

Kinachonichosha zaidi ni taa ya bluu. Dukani wanawasha bluu tupu, kila kitu kinang'aa kama harusi, na wewe unatoa pesa. Mwambie awashe nyeupe! Halafu tazama minyiri kwa karibu: ikiwa unaona hadi ndani kama nyama ya dafu changa, imekwisha tema karibu vyote. Lakini si kila iliyopauka ni ya kukimbia, ukiona bado kuna kivuli cha chai ya maziwa kwenye mashina ya minyiri, hiyo mimi nanunua, mradi mdomo umefumba na mguu umeng'ang'ania jiwe. Mdomo ukiwa wazi umelegea na matumbo yanachungulia, rudi zako nyumbani hata wakikupunguzia bei.

Umeshanunua? Basi usiiwashie taa zote. Huyo wa Nyali ndilo jambo la kwanza alilofanya, ati haina vijimwani basi tuipe mwanga wa kutosha, kumbe vile vichache vilivyobaki ndio unavichoma. Anza chini, panda polepole, wiki kwa wiki. Lisha kipande cha kamba kidogo kuliko mdomo wake, mara mbili tatu kwa wiki, ukitia kikubwa itakitapika usiku na asubuhi utakikuta kinaelea. Chumvi isome 1.025 kwenye kipimo, joto nyuzi 25 au 26, tangi liwe limekaa miezi sita angalau, hayo sirudii. Na ziba mdomo wa pampu kwa sponji, anemoni hutembea, ikisagwa mle supu yake inaweza kuua tangi zima.

Nakiri kitu kimoja lakini. Niliwahi kuwa na mbili nyeupe tangi moja, taa moja, kamba wa mfuko mmoja. Moja ilirudisha rangi baada ya miezi minne hivi, ndiyo hii ya matope. Ya pili ilikula vizuri kabisa hadi Ijumaa, Jumamosi ikawa uji. Kwa hiyo nikikwambia itapona, chukua hilo kama dua.

Halafu kuna wanaosema "Nemo atakufa bila anemoni", yule samaki wa filamu anayejificha ndani ya anemoni. Hafi. Tangini hakuna wa kumla, na Nemo wa machungwa na mistari mitatu, yule aitwaye ocellaris, huko kwao baharini crispa si nyumba yake, kwa hiyo anaweza akaipita kama hamfahamu. Au aipende mno aisugue mchana kutwa ikiwa mgonjwa, hapo mtenge.

Jana ameandika tena, wa Nyali. Anauliza kama ile ya njano kali, njano ya ndimu, ni ngumu kufuga. Hiyo, mzee wangu, ni nyeupe iliyochovywa rangi.