Je, wajua? Grafini ikijazwa elektroni haiwi nyeusi, inazidi kupisha mwanga, kama kioo cha dirisha

Utando wa grafini una unene wa atomu moja tu ya kaboni. Ukiutia umeme, yaani ukiuongezea elektroni, utafyonza mwanga zaidi au utaupisha? Mimi nilikuwa na jibu tayari, na nililibeba miaka mingi: zaidi. Kichwani nilikuwa na ile miwani inayojitia giza juani. Tena, si elektroni ndizo zinazofyonza mwanga? Basi ukizimimina nyingi, giza lizidi. Hesabu ilinyooka vizuri, jibu likawa kinyume.

Grafini ni tabaka moja la grafiti, ile iliyo ndani ya penseli. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliitenga mwaka 2004 kwa selotepu, wakapata Nobeli mwaka 2010. Tabaka hilo hufyonza takriban asilimia 2.3 ya mwanga unaolipiga. Hapo pia nilikosea: niliiona namba ndogo. Kwa atomu moja ya unene ni ulafi, maana milimita moja ya grafiti ina matabaka kama milioni 3. Na namba yenyewe ni kituko. Gawanya pai, ile 3.14 ya duara, kwa 137 uone unachopata. Hiyo 137 hutokana na kipimo cha maumbile cha jinsi mwanga na chaji vinavyoshikana, wala haijali sana rangi ya mwanga, japo kwenye urujuanimno utaratibu huu huvunjika.

Sasa kosa langu kubwa. Chukua jengo lenye ghorofa juu ya ardhi na nyingine chini ya ardhi. Za chini zimejaa wapangaji, yaani elektroni. Za juu ni tupu. Fotoni, chembe ya mwanga, ni lifti yenye masharti: humtoa mpangaji ghorofa ya nne chini ikampeleka ya nne juu, au ya pili chini hadi ya pili juu. Ya pili hadi ya tano haiendi. Nguvu ya fotoni ndiyo huamua ni jozi ipi. Mpangaji akishapanda, fotoni imekwisha. Huko ndiko kufyonzwa.

Ingiza wapangaji wapya kwa volti chache. Wanajaa ghorofa ya kwanza juu, ya pili, mpaka ya tano. Lifti ya nne kwa nne inafika na kukuta chumba kina mwenyewe, na elektroni mbili hazikai katika hali moja. Wolfgang Pauli alilisema hilo mwaka 1925. Hakuna anayebebwa. Fotoni inapita zake.

Ukiwafukuza wapangaji wa chini badala ya kuongeza wa juu, matokeo ni yale yale: vyumba viko wazi, wa kupandishwa hayupo. Jambo hili bado hunichekesha.

Jengo langu lina dosari. Katika joto la kawaida wapangaji hawatulii, hivyo mpaka kati ya kufyonza na kupisha huwa na ukungu, na uchafu kwenye utando huuongeza. Tena ghorofa za kujaza si chache. Fotoni za mkongo wa intaneti zina kama elektronivolti (kipimo cha nishati) 0.8. Nusu ya safari ya lifti iko chini ya ardhi, hivyo inatosha kujaza za juu hadi 0.4. Mwanga mwekundu unadai karibu 0.9, na hapo vihami vya kawaida, yaani tabaka lisilopitisha umeme kati ya grafini na chanzo cha volti, huelemewa. Dirisha la nyumba la kuzima na kuwasha kwa njia hii si kazi nyepesi.

Kwa mkongo, imewezekana. Mwaka 2011 watafiti wa Berkeley, Marekani, walilaza grafini juu ya njia ya mwanga ya silikoni. Mwanga haukuutoboa utando na kwenda, ulitambaa kando yake, kama mtu anayekatiza soko zima badala ya kupita mbele ya mchuuzi mmoja: kila hatua anaacha shilingi. Eneo lote la kazi lilikuwa maikrometa 25 za mraba. Volti ikibadilika, ghorofa zikajaa na kupungua, mwanga ukapita na kuzimwa, zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde.