Mbona nyuzi za kovu hazijisuki ndani ya damu?

Je, wajua kwamba sehemu ya malighafi ya kovu inazunguka mwilini mwako sasa hivi, hata kabla hujajikata? Ini hutengeneza protini iitwayo fibronektini na kuimwaga kwenye damu. Lita moja ya plazma, yaani maji ya damu, hubeba takriban miligramu 300. Molekuli hizo zina sehemu za kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mbona basi hazishikani humo humo mishipani?

Ni kwa sababu zimejikunja. Kila molekuli ni minyororo miwili mirefu iliyofungwa pamoja mkiani, na ikiwa kwenye damu hujikunyata, sehemu za kushikana zikajificha ndani. Kuikunjua kunataka nguvu, na mwenye nguvu ni seli.

Seli hushika kwa vipokezi viitwavyo integrini, vilivyopenya utando wake, kichwa nje, mkia ndani. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba kinachoshikwa hasa ni asidi amino (viungo vinavyounda protini) tatu tu zilizofuatana: arginini, glisini na asidi aspartiki. Tatu, katika mnyororo wenye zaidi ya 2,000!

Kwa ndani, protini ya talini huunganisha mkia wa integrini na nyuzi za aktini, ambazo huvutwa na miosini, ndugu wa ile inayokaza misuli yako. Integrini huburutwa kutoka pembezoni mwa seli kuelekea katikati, na fibronektini hufuata huku ikinyooka. Sehemu zilizojificha hufunguka, molekuli ya jirani inanasa, na nyingine tena. Ni kama makumbi ya nazi: hayawi kamba mpaka yapate mkono wa kuyavuta na kuyasokota. Ukitaka ushahidi, zipe seli za maabara dawa ya kulegeza mvuto huo. Fibronektini itajaa kwenye chombo, lakini nyuzi zitakuwa haba.

Kolajeni, inayoupa mwili uimara, nayo hutegemea nyuzi hizi kama kiunzi cha kuanzia.

Mwaka 1993 watafiti waliondoa jeni ya fibronektini kwa panya, vijusi vikafa. Wengine wakaondoa alfa-5, nusu ya integrini inayoongoza kazi hii, navyo vikafa. Ila nyuzi zilikuwepo: integrini za kundi la alfa-v zilikuwa zimeshika zamu.