Msamaha wa ada ni nini, na mwanafunzi wa Pemba unamfikisha wapi

Barua za kujiunga na vyuo vikuu hufika Pemba wakati karafuu zimo majamvini. Nimekaa mara nyingi kwenye baraza za watu, Wete na Konde, karatasi mkononi na mzazi pembeni akifuata kila mstari kwa kidole. Neno linaloulizwa kuliko yote ni hili: "Maalim, hapa pameandikwa msamaha wa ada. Ndiyo kusema yamekwisha, hatudaiwi kitu?"

Hayajesha. Lakini neno hilo si dogo, na likieleweka vizuri linaweza kumsaidia mtoto, mzazi na hata chuo chenyewe.

Msamaha wa ada ni uamuzi wa chuo, au wa serikali inayokimiliki, kutomdai mwanafunzi fulani ada ya masomo, yote au sehemu yake, huku ada ikibaki palepale kwa wengine. Hakuna shilingi inayotoka mfukoni mwa mtu kwenda mfukoni mwa mwanafunzi. Chuo kinaacha tu kumtoza. Hapo ndipo unapotofautiana na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hukilipa chuo kwa niaba ya mwanafunzi, kisha humdai yeye akishapata kazi. Unatofautiana pia na ufadhili, ambapo kuna mtu au taasisi iliyotoa fedha. Na si sawa na elimu bila malipo iliyotangazwa na Mzee Karume tarehe 23 Septemba 1964, kwani ile iliondoa ada kwa watoto wote wa skuli. Msamaha huanza pale ambapo ada ipo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilipata sheria yake mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Wakati huo Tanzania ilikuwa imeshaingia katika utaratibu wa wanafunzi na wazazi kuchangia gharama za elimu ya juu, ulioanza mwaka 1992.

Neno lenyewe hutuchanganya kidogo. Tukisikia msamaha tunafikiria kosa, au huruma ya mkubwa kwa mdogo. Mimi napenda tulisome kama tunavyosoma msamaha wa kodi, jambo ambalo kila Mzanzibari analijua kwa sababu ya mahoteli. Mwekezaji akisamehewa kodi, serikali haimpi fedha, inaacha kuchukua fedha ambazo ingezichukua. Basi swali la haki ni lilelile kwa hoteli na kwa mwanafunzi: je, angekuja hata bila msamaha? Kama angekuja na kulipa, umepoteza mapato bure. Kama asingekuja, umempata mtu, na ulichokipoteza hukuwa nacho tangu mwanzo.

Hesabu hii watu huiruka, nami naiona ndiyo moyo wa jambo zima. Chukua darasa lenye viti 60 na wanafunzi 35. Mhadhiri analipwa mshahara uleule, taa zinawaka zilezile, ubao ni mmoja. Mwanafunzi wa 36 akiingia bila kulipa ada, gharama anayoiongeza ni ndogo sana: karatasi za mtihani, muda wa kumsahihishia, nafasi maktaba. Kwa kiti kilichokuwa kitupu, msamaha ni rahisi mno. Ugeuze sasa. Darasa la uuguzi limejaa, vifaa vya maabara vinagombaniwa, na nafasi za mafunzo kwa vitendo hospitali ya Mnazi Mmoja zina kikomo. Hapo kila anayesamehewa ama amechukua nafasi ya anayelipa, ama amekilazimisha chuo kununua kifaa kingine na kuajiri mwalimu mwengine. Kwa hiyo chuo kinachotoa msamaha sawasawa katika fani zote, bila kutazama viti vitupu viko wapi, kinajiumiza bila sababu.

Na pengo lazima lizibwe na mtu. Ama Hazina inaongeza ruzuku, ama wanafunzi wanaolipa wanapandishiwa ada kidogokidogo, ama chuo kinabana matumizi hadi vitabu na vifaa vinapungua. Jimbo la Texas huko Marekani lina sheria iitwayo Hazlewood, inayowasamehe waliotumikia jeshi ada ya vyuo vya umma hadi kiwango cha saa 150 za masomo, yaani vipimo ambavyo chuo huhesabia uzito wa kila somo, si saa za ukutani. Mwaka 2009 haki hiyo ikapanuliwa, mwanajeshi akaweza kumrithisha mwanawe saa alizozibakisha. Nia ni njema, na sidhani kuna mtu wa huko anayewaonea choyo. Lakini sehemu kubwa ya mzigo ilibaki kwa vyuo vyenyewe: wabunge ndio waliosamehe, vyuo ndivyo vilivyokosa mapato. Nawaomba wawakilishi wetu pale Chukwani wakumbuke hili siku watakapolizungumza. Msamaha unaoamriwa na sheria uandikiwe na kifungu chake katika bajeti.

Upande wa pili wa msamaha ni ushindani, na huu kwetu hauzungumzwi vya kutosha. Kuna vijana wetu waliohitimu Kiswahili wakapata nafasi Marekani, wakifundisha Kiswahili darasa la mwanzo huku wakisoma shahada ya uzamili. Katika barua zao kuna mistari miwili: posho ya kila mwezi, na msamaha wa ada. Bila huo wa pili wasingevuka. Chuo kinapata mwalimu aliyezaliwa na lugha, kijana anapata shahada. Jambo hili ni zito kiasi kwamba mwaka 2017, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipopitisha muswada ambao ungetoza kodi msamaha wa aina hiyo kama mshahara, wanafunzi wa uzamili walitoka madarasani kuandamana, na pendekezo hilo likaondolewa katika sheria ya mwisho. Majimbo ya magharibi ya nchi hiyo nayo yana makubaliano: mwanafunzi akienda chuo cha umma cha jimbo la jirani kilichomo katika mpango, hatozwi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya wenyeji, badala ya ile kubwa ya wageni. Sehemu iliyobaki inasamehewa, kwa sababu chuo kinataka wanafunzi.

Rudi Unguja. Panda gari ya kwenda Tunguu: SUZA iko pale, na Chuo Kikuu cha Zanzibar, cha binafsi, kipo hukohuko. Chukwani kuna Chuo Kikuu cha Sumait. Bweleo, tangu 2023, ipo kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia kutoka India. Kuvuka bahari kuna Dar es Salaam na Dodoma. Mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye alama nzuri za hisabati anatakiwa na wote hao, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo pia ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi. Chuo cha umma kikitaka baadhi ya vichwa hivyo vibaki nyumbani, msamaha ni chombo kilichomo mikononi mwake tayari, hakihitaji kuomba kwa mtu. Ila lazima utangazwe mapema, kabla ya mwanafunzi kuchagua. Msamaha unaotangazwa Novemba, kijana keshapanga chumba Dodoma, unamkuta aliyekwishakuja, na huyo angekuja tu.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Ada si gharama zote. Tufanye hesabu ya mfano, takwimu ni za kuelezea tu. Ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka na msamaha umeifuta yote. Binti wa Micheweni anakwenda kusoma Unguja. Chakula na nauli ya daladala tuviweke shilingi 6,000 kwa siku, wiki 30 za masomo, yaani siku 210. Hiyo ni shilingi 1,260,000, imeshaipita ada iliyosamehewa, na hatujagusa dakhalia, yaani bweni, boti ya kwenda na kurudi, kompyuta, wala michango ya usajili. Hata ile shilingi 20,000 ya udhibiti wa ubora inayokwenda Tume ya Vyuo Vikuu haimo ndani ya neno "ada". Baba akisikia amesamehewa akauza karafuu na kuezeka nyumba, Disemba anapigiwa simu mtoto hana chakula. Nimeyaona. Yule mtoto alirudi Pemba kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza, na jina lake likabaki katika orodha ya waliosamehewa.

Jimbo la Massachusetts, Marekani, waliligonga jiwe hilihili. Kuanzia wahitimu wa sekondari wa mwaka 2005, jimbo liliwasamehe ada ya vyuo vya umma wanafunzi waliofanya vizuri katika mtihani wa jimbo na kuwa katika robo ya juu ya wilaya zao. Barua ilikuwa nzuri. Lakini kule "ada" ilikuwa sehemu ndogo ya malipo: kampasi ya Amherst ya chuo kikuu cha jimbo, ada ya wenyeji ilikuwa dola 1,714 kwa mwaka, na michango ya lazima ikaizidi mara kadhaa. Sababu yake ni ya kihasibu. Ada ilirudishwa hazina ya jimbo, michango ilibaki chuoni, basi vyuo vikapandisha kile kinachobaki. Wachumi Sarah Cohodes na Joshua Goodman walipoufuatilia mpango huo, katika utafiti uliochapishwa 2014, waliona kuwa baadhi ya waliovutwa na msamaha waliacha vyuo vyenye uwezo zaidi, wakaenda vya umma vilivyokuwa dhaifu kidogo, na uwezekano wao wa kuhitimu ukapungua. Fedha chache zilibadilisha uamuzi mkubwa. Ninachokisoma hapo ni kwamba msamaha unaweza kumvuta mwanafunzi, lakini kumfikisha kwenye mahafali ni kazi ya chuo kizima: walimu, maktaba, mshauri wa wanafunzi.

Nani apewe? Wengine husema alama pekee, wengine barua ya sheha, kiongozi wa shehia, pekee. Alama peke yake humpendelea aliyekaa mjini akalipiwa tuisheni jioni. Barua ya sheha peke yake inampa mzigo sheha, ambaye naye ana jamaa na majirani. Mimi ningechanganya: alama zilinganishwe na za skuli aliyotoka mwanafunzi, kisha hali ya nyumbani ihakikiwe. Aliyepata daraja la pili katika skuli ambayo wengi wameanguka amefanya kazi kubwa kuliko anavyoonekana kwenye karatasi.

Upo na uhusiano na mkopo, ambao familia nyingi hazijauona. Mkopo wa elimu ya juu una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Fungu la ada likifutwa kwa msamaha, kijana anaweza kukopa la chakula tu na kumaliza na deni dogo. Bodi ya Tanzania Bara hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa anayedaiwa, hivyo deni dogo ni miaka michache ya kukatwa.

Ndiyo maana ninapokaa barazani na barua hizi siku hizi, nina maswali yangu ya kuuliza kabla ya kumpongeza mtu. Msamaha ni wa mwaka mmoja au hadi amalize? Akirudia somo, bado upo? Wastani gani wa alama ukimshuka unafutwa? Unagusa usajili au ada ya masomo pekee? Mzazi mmoja wa Konde nilimwambia asikubali jibu la mdomo, aombe kiasi kiandikwe kwa shilingi na muda uandikwe kwa miaka. Akamuachia mkewe majamvi ya karafuu, akapanda boti, akenda kuuliza mwenyewe dirishani.