Kuacha ugali hakuudhoofishi uvimbe, kunamdhoofisha mgonjwa

Katika kliniki za saratani hapa Moshi, swali hili halikosi: "Daktari, sukari si ndiyo inalisha uvimbe? Nimeacha ugali na ndizi." Nusu yake ni kweli. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kuwa uvimbe hufakamia glukosi, yaani sukari ya damu, na kuichachusha hata oksijeni ikiwepo. Kuchachusha huko huzalisha ATP (chembe zinazobeba nishati ya seli) 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi, wakati kuichoma kwa oksijeni huzalisha takriban 30. Ndiyo maana seli za saratani hazishibi.

Nusu iliyobaki ndiyo inayosahaulika. Seli za T, askari wa kinga, nazo zinaihitaji glukosi hiyohiyo. Seli ya T iliyotulia hula kidogo. Ikimtambua adui, huongeza milango ya glukosi kwenye utando wake ili ijigawe haraka na kutengeneza silaha. Ndani ya uvimbe zinagombea chungu kimoja na saratani. Tena uvimbe humwaga asidi laktiki, na seli ya T iliyoloa asidi hiyo hulegea: imefika vitani, lakini haiui. Hii ni sababu mojawapo ya dawa za kuachia breki za kinga, ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, kutowasaidia wagonjwa wote.

Mgonjwa akiacha wanga, sukari ya damu haishuki kiasi cha kuutesa uvimbe. Protini za misuli hubomolewa, na ini huzitumia kutengeneza glukosi mpya. Uvimbe unaendelea kula; kinacholiwa ni mapaja na mabega ya mgonjwa. Mwili uliokonda huhimili dawa vibaya, na mzunguko wa matibabu huweza kuahirishwa.

Kwa hiyo ale. Protini iwe gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 90 kwa siku. Yai lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Mwenye vidonda mdomoni, mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, unamfaa mno: usagwe laini, upoe, usiwe na pilipili wala ndimu, anywe kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Soda apunguze, maana zinajaza tumbo bure. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo apangiwe kiasi chake na mtaalamu wa lishe.

Apimwe uzito kila wiki, asubuhi, kwa mizani ileile. Akipungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6, yaani kilo 3 kwa mwenye 60, daktari aambiwe. Akiwa na maji tumboni au miguu imevimba, mizani hudanganya. Mtazameni mikono na mabega kama vinakonda.