Annie Moore hakuwahi kwenda Texas: namna ya kutafuta ukoo wa Kiayalandi

Tarehe 1 Januari 1892, binti wa miaka 17 kutoka Kaunti ya Cork aliingia New York na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Jina lake Annie Moore, na ndiye mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo kipya cha Ellis Island. Wakubwa wa kituo wakampa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Kisha akasahaulika, na alipokuja kukumbukwa akakumbukwa vibaya: kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas, na huko akagongwa na tramu akafa mwaka 1923. Jamaa wa huyo mama wa Texas walialikwa kwenye sherehe kama wageni wa heshima.

Kumbe siye. Mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alipofuatilia nyaraka za mama wa Texas alikuta kazaliwa Illinois, Marekani humo humo. Mwaka 2006 akatangaza mtandaoni zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemwonyesha Annie wa kweli. Hazikupita wiki nyingi, jibu likaja kwa mlango wa uani: Brian Andersson, wakati huo kamishna wa kumbukumbu wa Jiji la New York, alipata hati ya uraia ya Philip, yule mdogo mtu. Kwa Philip wakafika kwa jamaa, kwa jamaa wakafika kwa Annie. Aliishi Manhattan maisha yake yote yaliyosalia, akaolewa na mtu mwenye asili ya Kijerumani, akazaa watoto wasiopungua kumi, akafariki 1924. Kaburi lake kule Queens lilikaa bila jiwe hadi 2008.

Naanza na habari hii kwa sababu siku hizi wapo Waswahili wa ughaibuni ambao watoto wao wana bibi au babu wa Kiayalandi upande mmoja. Mtoto akirudi na kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, upande wa kwetu unajazwa kwa simu moja kwa shangazi. Upande wa pili ndio unaokwama.

Kitu cha kwanza mtakachoambiwa ni kwamba karatasi za Ayalandi ziliungua. Ni kweli, ila si zote. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ghala la nyaraka la Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuteketea, likaondoka na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Lakini sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ndiyo iliyoziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili zitengenezwe karatasi upya. Moto unabebeshwa lawama za makarani.

Vilivyobaki si haba. Rejista za parokia za Kikatoliki hazikuwemo ghalani, zilikuwa kwa mapadri; tangu 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka picha zake mtandaoni, bure. Uandikishaji wa vizazi na vifo vya watu wote ulianza 1864. Na sensa za 1901 na 1911 ziko wazi kwa yeyote.

Fungua fomu moja ya 1911 uitazame kwa utulivu. Utaona mwandiko wa mwenye nyumba mwenyewe, au alama ya X kama hakujua kuandika. Kila mke ameandikiwa miaka ya ndoa, watoto aliozaa, na wangapi bado wako hai. Ukikuta 11 na 7, jua kuna wanne wa kutafutwa kwenye rejista za vifo. Umri usiuamini sana. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa Januari 1909 kwa wenye miaka 70, na wazee wengi kati ya sensa hizo mbili walizeeka kwa zaidi ya miaka kumi! Kwa kuwa hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, waliomba majina yao yatafutwe kwenye sensa za 1841 na 1851. Sensa zenyewe zikaungua, fomu za maombi hayo zikapona. Kwa baadhi ya familia, ndicho kipande pekee kilichosalia cha nyumba ya babu.

Ugumu unaanza kwenye majina. Desturi yao mtu wa kwetu ataielewa mara moja: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ndugu watano wakifanya hivyo, kitongoji kimoja kina akina Daniel Sullivan watano wanaokaribiana umri. Rejista ya padri nayo mara nyingi imo kwa Kilatini, James akawa Jacobus, William akawa Gulielmus. Hapa kompyuta haikusaidii. Anayekusaidia ni mtu ambaye amekuwa akisoma rejista ya parokia hiyo hiyo kwa ajili ya ukoo wake. Anajua ni akina Ryan wepi wanaitwa kwa lakabu gani, na anajua kwamba msimamizi wa ubatizo unayempuuza pembeni mwa ukurasa ni dada wa mama.

Mtu huyo yupo kwenye majukwaa ya mtandaoni ya watafuta ukoo, na mara nyingi hujibu, mradi swali liulizwe vizuri. “Natafuta babu yangu Murphy wa Cork” halijibiki. Murphy ndilo jina lililoenea kuliko yote Ayalandi. Andika jina, mwaka hata wa kukisia, majina ya ndugu zake, dini (si umbea, dini ndiyo inayosema rejista ipi ifunguliwe), na kitongoji ukikijua. Vitongoji vya Ayalandi ni zaidi ya 60,000, hivyo kutaja kaunti pekee ni kama kusema mtu anatoka Tanga. Taja pia ulikokwisha tafuta ukakosa. Walio hai usiwataje.

DNA inafaa, hasa akipimwa mzee wa familia kabla ya vijana, lakini inakupa binamu tu. Undugu wenu ulipoanzia mtautafuta wenyewe kwenye karatasi. Na mwenzako akikujibu, mwombe picha ya ukurasa mzima, usikubali jina lililochapwa tu. Mwandiko wa padri wa 1830 una mambo yake, na jina alilolisoma yeye Honora wewe unaweza kulisoma Johanna.